Kioo cha Aina Gani? Maneno kwa Wanafunzi wa Maabara na Famasia, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, walimu, wataalamu wa maabara mliotoka zamu ya usiku na bado mkafika, wanafunzi wa maabara na wa famasia, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie vifaa. Nitazungumzia kimoja tu, kioo, kwa sababu ndicho tunachokishika kutwa nzima na ndicho tunachokijua kidogo kuliko vyote. Kitendanishi kikifika stoo, mnasoma lebo mpaka herufi ya mwisho: kimetengenezwa lini, kinaisha lini, kitunzwe kwenye nyuzi ngapi. Katoni ya vioo ikifika, tunahesabu vilivyovunjika njiani, tunasaini, basi. Mimi naomba kabla ya bei na kabla ya idadi tuulize swali moja: hiki ni kioo cha aina gani?

Kioo cha kawaida, cha dirisha na chupa ya soda, asili yake ni mchanga. Mchanga mweupe mzuri ni silika, na silika peke yake haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,700 za Selsiasi. Hizo si nyuzi za mchezo. Kuni hazifiki huko. Kwa hiyo tangu zamani za kale watu wakachanganya magadi. Ndiyo, jamii ya magadi haya tunayolainishia maharage, ambayo jirani zetu wa Kenya wanayavuna pale Ziwa Magadi na kuyasafisha kwa ajili ya viwanda. Magadi yanashusha joto la kuyeyusha mchanga kwa mamia ya nyuzi. Tatizo ni kwamba mchanga na magadi peke yake vinatoa kioo kinachoyeyuka kwenye maji. Ndipo ikaongezwa chokaa, ili kioo kikae. Mpaka leo chupa inayotoka tanurini Chang'ombe na kioo cha dirisha la basi vina mchanganyiko unaokaribiana: silika kama asilimia 70 na kidogo, soda, ile itokayo kwenye magadi, kama 14, chokaa kama 10, na vikorombwezo vingine.

Lakini kuongeza chokaa hakukumaliza ugomvi wa kioo na maji. Kuliupunguza tu. Tumezoea kuambiana kwamba kioo hakidhuriki, hakidhuru, hakibadiliki. Si kweli, na mji wetu huu wenye unyevu ndio mahali pazuri pa kuona kwamba si kweli.

Chukueni slaidi za malaria. Kwenye zahanati moja ya pwani niliyowahi kufanyia kazi, boksi la slaidi mpya lilifunguliwa kabla ya masika, likaachwa kwenye rafu. Masika yalipoisha, slaidi za juu zilikuwa na ukungu mweupe. Zikafutwa, ukungu haukutoka. Wengine walidhani ni vumbi, wengine wakasema slaidi ni feki. Kumbe ni kemia. Unyevu ukituama juu ya kioo cha soda na chokaa, haidrojeni ya maji inaingia ndani ya kioo na sodiamu, ile ya magadi, inatoka nje, moja ikiingia moja inatoka, kubadilishana nafasi. Sodiamu iliyotoka inafanya utando wa alkali juu ya kioo, na alkali ikizidi inaanza kuila silika yenyewe. Hapo kioo kimechimbika, hakifutiki tena. Ukipaka damu juu ya slaidi ya namna hiyo haikai vizuri, na rangi ya Giemsa, ya kupaka damu ili vimelea vionekane, ambayo kwa malaria tunaitaka kwenye pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya 7.2, inakutana na alkali na kuelemea kwenye bluu. Mtu anatafuta vimelea kwenye uwanja ulioharibika kabla hajaanza.

Dawa yake ni rahisi mno: boksi lisifunguliwe kabla ya wakati, na lililofunguliwa likae kwenye kabati kavu. Wakubwa wetu waliweka balbu ndogo ndani ya kabati la hadubini, ikawaka mchana na usiku ili hewa ya ndani iwe na joto linalozidi kidogo lile la nje. Walikuwa sahihi. Pasipo umeme wa uhakika, weka silika jeli, na ikilowa ikaushwe kwenye oveni, itumike tena. Kabati hilohilo ndilo linalookoa lenzi na kuvu. Kuvu wa pwani anaota juu ya lenzi, anatoa asidi, anaacha michoro kama ya buibui ambayo hakuna fundi wa kuifuta.

Ugomvi huohuo wa maji na sodiamu, ninyi wa famasia mnaukuta kwenye vichupa vya sindano. Vitabu vya viwango vya dawa vinagawa vioo vya dawa katika aina tatu kuu. Aina ya kwanza ni kioo cha borosilikati, ambacho soda yake ni kidogo na boroni imechukua nafasi, kwa hiyo maji hayapati cha kung'oa. Hicho ndicho cha chanjo na cha sindano nyingi. Aina ya pili ni kioo cha kawaida ambacho uso wake wa ndani umepitishiwa kemikali yenye salfa wakati kingali cha moto, sodiamu ya juu juu ikaondolewa mapema, kabla dawa haijaingia. Aina ya tatu ni kioo cha kawaida bila tiba yoyote, kinachofaa dawa za kunywa na unga mkavu. Dawa ya sindano ya maji ikiwekwa kwenye aina ya tatu, pH yake inaweza kupanda polepole rafuni, na tarehe iliyoandikwa kwenye lebo isiwe na maana tena. Hata aina ya kwanza ina mipaka: dawa yenye alkali, au yenye bafa ya fosfeti ya kutuliza pH, ikikaa muda mrefu inaweza kubandua magamba membamba kutoka ukutani mwa kichupa, magamba ambayo yanaelea ndani ya dawa inayokwenda kwenye mshipa wa mtu. Dawa zimewahi kurudishwa viwandani kwa sababu hiyo. Ndiyo maana nasema kwa uzito wote: kichupa kitupu cha sindano kisijazwe kitu kingine kikarudishwa rafuni, hata kama kimechemshwa.

Rangi ya kahawia ya chupa za dawa nayo si urembo. Ni chuma na salfa vilivyochanganywa kwenye kioo, vinavyokata mwanga wa bluu na urujuanimno unaovunja dawa. Ukiimimina dawa hiyo kwenye kichupa cheupe kwa sababu mgonjwa hana chombo, umemvulia kinga yake.

Sasa nataka mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo ninapokipenda kioo. Kubadilishana huku kwa sodiamu na maji, ambako kwenye slaidi ni hasara na kwenye kichupa ni hatari, watu wawili waligundua kwamba kunaweza kuwa kazi. Mwaka 1909 Fritz Haber na Zygmunt Klemensiewicz walionyesha kwamba utando mwembamba wa kioo, maji yakiwa pande zote mbili, unazaa umeme mdogo unaofuata asidi ya maji hayo. Mwaka 1934 Arnold Beckman, kule California, akatengeneza mashine iliyousoma umeme huo kirahisi. Hiyo ndiyo mita ya pH. Ule mpira mdogo wa kioo kwenye ncha ya elektrodi ni kioo kilichopikwa makusudi ili uso wake ulowe na kuhisi haidrojeni. Kila pH ikibadilika kwa kizio kimoja, umeme unabadilika kwa takribani milivolti 59 kwenye nyuzi 25. Ukiacha ncha hiyo ikauke, umeiua hisia yake. Ukiitumbukiza siku nzima kwenye maji yaliyotoneshwa, unaimaliza vilevile. Inakaa kwenye mmumunyo wa kloraidi ya potasiamu, na mwenye zamu ndiye anayeangalia kama umebaki wa kutosha kwenye kofia ya ncha hiyo.

Miaka 60 baada ya Haber na Klemensiewicz, mtu mwingine akaenda mbali zaidi. Larry Hench wa Chuo Kikuu cha Florida alikuwa safarini kwenye basi mwaka 1967, akakaa na kanali wa jeshi la Marekani aliyetoka Vietnam. Kanali alikuwa amechoka kuona askari wakikatwa miguu na mikono kwa sababu mwili unakataa chuma na plastiki. Akamuuliza kama anaweza kutengeneza kitu ambacho mwili hautakikataa. Hench akarudi maabara, na mwaka 1969 akawa na kioo chenye silika asilimia 45 tu, sodiamu na kalsiamu nyingi, na fosforasi kidogo. Kwa vigezo vya dirisha, hicho ni kioo kibovu: kinaliwa na maji upesi. Lakini ndani ya mwili, maji yakishang'oa sodiamu, uso wa kioo unabaki kama jeli, na juu ya jeli hiyo kalsiamu na fosfeti zinajipanga kuwa madini yaleyale ya mfupa. Daktari aliyekipandikiza kwenye mifupa ya panya alileta habari kwamba vipande vimeshika, havitoki. Tangu miaka ya 1980 kioo cha aina hiyo kimetumika kwenye sikio la kati, kwenye taya na mifupa iliyopungua, na unga wake umeingia kwenye dawa za meno yanayoshtuka kwa baridi. Hench hakutafuta kioo kigumu kuliko vyote. Alitafuta kinachoharibika kwa namna inayofaa.

Tuache maji, tuje kwenye joto. Ufito wa kioo cha kawaida wenye urefu wa mita moja, ukiupasha nyuzi 100 zaidi, unarefuka karibu milimita 0.9. Wa borosilikati, milimita 0.33. Wa silika tupu, kile tunachokiita kwatzi, milimita 0.055. Hizo tatu zinatosha kueleza kwa nini bika moja inapasuka na nyingine haipasuki. Ukimimina agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, ikiwa ya moto kwenye chupa baridi, ndani kunatanuka, nje bado, na kioo kinavumilia sana kubanwa lakini hakivumilii kuvutwa. Kinene ndiyo kibaya zaidi, maana joto linachelewa kufika upande wa pili. Msidanganyike na uzito wa chupa.

Borosilikati ni kazi ya Otto Schott, wa mji wa Jena, Ujerumani, aliyeanzisha maabara ya kioo mwaka 1884 pamoja na Ernst Abbe na Carl Zeiss, na kabla ya karne ya 19 kuisha akawa amepata kioo chenye boroni kinachovumilia moto na kemikali. Wamarekani wa Corning wakaleta chao sokoni kwa jina la Pyrex mwaka 1915, na vyombo vya jikoni ndivyo vilivyokitangaza.

Utajuaje sasa kwamba ulicholetewa ndicho? Vyombo vizuri vimepigwa mhuri wa Boro 3.3. Lakini mhuri mtu yeyote anaweza kuupiga, kwa hiyo nimeleta bakuli hili la mafuta ya alizeti ya Singida, niliyoyanunua dukani kama mnavyonunua ninyi. Hizi ni fito mbili za kukorogea. Nachovya ya kwanza: mnaiona ndani ya mafuta, kingo zake zote zinang'aa. Nachovya ya pili. Wa mbele semeni mnaona nini. Nusu iliyozama haipo! Mmeshuhudia wenyewe. Mwanga unapopita kutoka kitu kimoja kwenda kingine unapinda, na kiasi cha kupinda tunakiita kipeo cha mpindo. Mafuta ya alizeti yana kipeo cha karibu 1.47, na borosilikati ni 1.47. Mwanga haujui kwamba umeingia kwenye kioo, haupindi, haurudi, na jicho halina cha kuona. Kioo cha kawaida kina karibu 1.52, kwa hiyo kinaonekana. Mtunza stoo yeyote mwenye kikombe cha mafuta anaweza kufanya kipimo hiki kabla hajasaini. Hakiwezi kushika mahali pa cheti, lakini ukidanganywa utashtuka mapema.

Na wale wa hadubini wameshaelewa ninakokwenda. Tone la mafuta tunaloweka kati ya slaidi na lenzi ya mara 100 ni ujanja huohuo. Kioo cha slaidi na cha lenzi kina kipeo cha karibu 1.52, hewa ina 1. Bila mafuta, mwanga ukitoka kwenye slaidi unapinda na kutawanyika kabla haujaingia kwenye lenzi, na ule wa pembeni unaobeba umbo la kimelea unapotea. Mafuta ya hadubini yana 1.515, kwa hiyo kutoka damu mpaka lenzi ni kama kioo kimoja kisichokatika. Kwa hiyo jamani, mafuta ya kupikia hayatumiki hapa. Tofauti ya 1.47 na 1.515 inatosha kufifisha picha, tena yanaganda kwenye lenzi.

Lenzi ya mafuta ilitengenezwa na Abbe na Zeiss mwaka 1878, na Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuona thamani yake. Miaka minne baadaye akatangaza kwamba amemwona mdudu wa kifua kikuu. Wengi hapa hawajui kwamba Koch alifika mji huu. Alikuja mwaka 1897 akakaa mpaka mwaka uliofuata, akichunguza malaria na maradhi ya mifugo, mwaka uleule hospitali ya Ocean Road ilipokamilika. Mkipita pale ufukweni, ilipo sasa Taasisi ya Saratani, kumbukeni kwamba kutazama damu kwa kioo katika mji huu kuna zaidi ya miaka 120.

Kuna jambo la joto linaloihusu Dar es Salaam yenyewe. Someni chupa yenu ya ujazo kamili: imeandikwa 20 °C. Imepimwa kwa chumba cha nyuzi 20. Chumba chenu Februari, kiyoyozi kikiharibika, kina 30. Kioo cha borosilikati kwenye lita moja kinaongezeka mililita 0.1 tu kwa nyuzi hizo 10, hakina lawama. Maji ndiyo yanayotanuka: lita uliyojaza mpaka mstarini kwenye nyuzi 30 ina maji pungufu kwa takribani gramu 2.5 kuliko ile ya nyuzi 20. Kwa mtihani wa shule si kitu. Kwa anayeandaa mmumunyo wa rejea wa kupimia dawa, ni kitu, na anapaswa aurekebishe. Na chupa hiyo usiikaushe kwenye oveni kali. Ikipata joto sana haihakikishi tena kurudi kwenye ujazo wake.

Kwatzi nitaigusa kwa ajili ya mwanga. Kioo cha kawaida kinapitisha mwanga tunaouona, lakini urujuanimno mfupi kinauzuia. DNA tunaipima kwenye nanomita 260; ukiweka sampuli kwenye kyuveti, kile kichombo cha kupimia, ya kioo cha kawaida, mashine inapima kioo, haipimi DNA. Lazima kyuveti ya kwatzi, ghali kama ilivyo. Taa za kuua vijidudu zinazotoa nanomita 254 nazo bomba lake halitengenezwi kwa kioo cha dirisha, vinginevyo mionzi ingeishia ndani. Jambo hilihili wauguzi wamweleze mama anayemwotesha mtoto jua nyuma ya dirisha lililofungwa: mwanga anaupata, joto analipata, lakini mionzi inayotengeneza vitamini D ngozini imebaki nje ya kioo. Afungue dirisha.

Kioo chenye madini mengi ya risasi, kile cha dirisha la chumba cha eksirei, kazi yake ni kinyume: kipitishe mwanga, kizuie eksirei. Kikipata ufa, chumba kinafungwa, hakuna kubandika gundi.

Nyuzi za kioo ninyi vijana mnazitumia hata sasa hivi mkiwa na simu mkononi. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Michigan, alitumia fungu la nyuzi hizo kutazama ndani ya tumbo la mtu kwa mpira unaopinda, na endoskopi tunayoijua ikaanza hapo. Nyuzi zile zilifaa urefu wa mkono tu. Mbele ya hapo mwanga ulizama kwenye uchafu wa kioo. Mwaka 1966 Charles Kao akasema kosa ni la uchafu, si la kioo, na kwamba kioo kikisafishwa mpaka ibaki asilimia 1 ya mwanga baada ya kilomita moja, kitabeba simu. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2009, mwaka uleule mkongo wa intaneti wa SEACOM, unaopita chini ya bahari, ulipotua hapa Dar es Salaam. Leo ni baada ya kilomita 100 ndipo inabaki hiyo asilimia 1. Daktari wa mkoani anayetuma picha ya eksirei Muhimbili anaituma ndani ya kioo.

Naomba nimalizie kwa ombi. Katika maabara zote nilizopitia, sikukuta hata moja yenye fundi wake wa kioo. Kondensa ikivunjika ncha, inatupwa. Bika ikimeguka mdomo, inatupwa, au mbaya zaidi, inaendelea kutumika na kukata watu vidole. Kazi hii inafundishika: mwali wa gesi na oksijeni, kwa kuwa borosilikati hailainiki mpaka nyuzi kama 820, mkono uliotulia, kisha tanuri la kupumzisha kioo kwenye nyuzi kama 560 na kukipooza taratibu ili mkazo utoke, na vioo viwili vya kuchuja mwanga vya kukagua kama mkazo umetoka kweli. Nchi inayofundisha uchomeleaji wa chuma katika kila mkoa haishindwi na hili. Nimewaona walimu wawili wa VETA, vyuo vyetu vya ufundi stadi, mstari wa nyuma. Tafadhali msiondoke. Boksi la vioo vilivyokatika ninalo pale mlangoni, na maswali yakiisha ningependa tulipitie pamoja, kimoja kimoja, tutenge vinavyotengenezeka.

Karibuni maswali.